Kuchemsha maji hakuondoi risasi, tuchunguze koki zetu

KILA zinapotangazwa habari za mabomba ya risasi ya Marekani, maswali huwa mengi hapa Kimironko. Wengi wetu tuna ndugu waliobaki ughaibuni, na ndugu hao hutupigia simu wakiwa na hofu: "Huku tumeambiwa maji ya bomba yapimwe kwanza. Ninyi huko Kigali mko salama?" Mji wa Chicago peke yake una mabomba ya risasi yapatayo 400,000 yanayoingiza maji majumbani, na kanuni za ujenzi za mji huo ziliyalazimisha hadi mwaka 1986, wakati sheria ya nchi ilipoyapiga marufuku. Oktoba 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kutaka mabomba ya aina hiyo yang'olewe nchini kote katika muda wa miaka kumi hivi. Na hakuna aliyesahau mji wa Flint, ambako mwaka 2014 wakubwa walibadili chanzo cha maji ili kubana matumizi, maji ya mto yakayala mabomba ya zamani, na risasi ikaingia katika vikombe vya watoto.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, swali hilo huletwa kwangu na wazazi, majirani na hata wanafunzi. Jibu langu lina sehemu mbili. Ya kwanza inatuliza moyo. Ya pili haitulizi, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Sehemu ya kwanza ni hii: Kigali si Chicago. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na hadi tunapata uhuru mwaka 1962 ulikuwa mji mdogo wa watu elfu chache tu. Wakati Ulaya na Marekani zilipokuwa zikitandaza risasi chini ya mitaa yao, hapa hapakuwa na mitaa ya kutandaza kitu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.7 katika Jiji la Kigali, na sehemu kubwa ya nyumba zao zimejengwa katika miaka thelathini iliyopita. Chukua Kimironko yenyewe. Kuanzia Nyagatovu hadi Bibare na Kibagabaga, nyumba nyingi zilijengwa baada ya mwaka 1994, tena nyingine zilijengwa na sisi tuliorudi kutoka nje. Mabomba tuliyoyafukia ni ya plastiki na ya chuma kilichopakwa zinki. Mtu akichimba uani kwake leo akitafuta bomba la risasi, nadhani atachoka bure.

Sehemu ya pili ni hii: risasi haihitaji bomba refu ili ikufikie. Inatosha kipande kidogo mwishoni mwa safari ya maji, kipande ambacho hakikuwekwa na serikali wala na shirika la maji. Tulikinunua wenyewe dukani, tukampa fundi akifunge. Ninazungumzia koki, au robine kama wengi wanavyoiita hapa Kigali. Ninazungumzia pia valvu, viungio vya nyuzi na lehemu.

Koki nyingi zinazong'aa kama fedha ni shaba ya njano kwa ndani, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Kwa miongo mingi viwanda vimekuwa vikiongeza risasi katika mchanganyiko huo ili uchongeke kwa urahisi bila kuvunja mashine. Kiasi kinachoongezwa mara nyingi ni asilimia mbili au tatu, na pengine hufika asilimia nane. Msidhani ni siri ya viwanda vya vichochoroni. Huko Marekani kwenyewe, hadi mwaka 2013, koki yenye risasi ya asilimia nane iliruhusiwa na sheria kuitwa koki isiyo na risasi. Ni kuanzia Januari 2014 ndipo kiwango hicho kiliposhushwa hadi robo ya asilimia moja. Sasa jiulize, ndugu msomaji: kiwanda kinachouza duniani kote kikizuiwa kupeleka koki za zamani nchi fulani, zitakwenda wapi?

Si koki peke yake. Lehemu ya zamani ya kuungia mabomba ya shaba ilikuwa na risasi nyingi, mara nyingi nusu kwa nusu na bati. Zinki iliyopakwa juu ya mabomba ya chuma ya zamani nayo ilikuwa na risasi kidogo ndani yake. Hata baadhi ya mabomba ya plastiki ngumu aina ya PVC yalitengenezwa kwa kutumia chumvi za risasi ili yasiharibike kwa joto. Viwanda vya Ulaya viliachana na utaratibu huo ilipofika mwaka 2015, lakini si viwanda vyote vya dunia vilivyoacha wakati huo. Kwa upande mwingine, yale mabomba ya kijani ya PPR yanayounganishwa kwa kuyeyushwa, na yale meusi ya polithini, hayahitaji lehemu wala hayana historia hiyo. Fundi anayekushauri uyatumie hakudanganyi. Ila nayo huishia kwenye kiungio cha shaba ya njano na koki, na hapo tunarudi palepale.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya wazungu. Basi twende Afrika Magharibi. Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya kupima risasi katika vituo 261 vya maji ya vijijini nchini Ghana, Mali na Niger, vikiwemo visima vya pampu za mkono na koki za umma. Hapakuwa na mabomba ya risasi huko. Hata hivyo asilimia 9 ya vituo hivyo vilitoa maji yenye risasi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Walipochunguza vipande vyenyewe, vile vya shaba ya njano ndivyo vilivyoshukiwa zaidi. Vijiji vile viliwekewa maji kwa nia njema kabisa, na risasi ikaja pamoja na zawadi.

Kiwango chenyewe ni mikrogramu 10 katika lita moja ya maji. Ndicho kilichomo katika kiwango cha maji ya kunywa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachojulikana kama EAS 12, ambacho na sisi Rwanda tunakifuata. Lakini kiwango hicho ni mpaka wa kiutawala tu. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko mtu mzima kutokana na chakula au kinywaji kilekile. Ikishaingia, mwili huidhania kuwa kalsiamu, ukaihifadhi kwenye mifupa na meno kwa miaka mingi. Mwanamke akipata mimba, mifupa hutoa akiba yake, na risasi aliyoinywa akiwa msichana humfikia mtoto aliye tumboni. Kwa mtoto, kinachoumia zaidi ni ubongo: akili ya kujifunza, utulivu na kumbukumbu. Mwaka 2020 UNICEF ilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, jumla yao ikifika hata milioni 800, ana risasi ya kutia wasiwasi katika damu. Wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Mimi sina utaalamu wa udaktari. Nimekaa mbele ya ubao kwa miaka mingi, nami nawajua watoto wa aina zote: anayeshika haraka, anayesahau alichofundishwa jana, asiyeweza kutulia kitini dakika kumi. Siwezi kumtazama mmoja nikasema huyu ana risasi. Hakuna mwalimu awezaye, wala mzazi. Malaria huleta homa, kipindupindu humlaza mtu siku hiyohiyo, lakini risasi haipigi hodi. Mtoto hupoteza kidogokidogo, na sisi tunamwita mvivu. Hilo ndilo linalonitisha.

Nilisomea Tanzania, Karagwe, ambako wazazi wetu walikimbilia. Katika somo la Sayansi la shule ya msingi tulikaririshwa kwamba maji safi hayana rangi, hayana harufu na hayana ladha, na kwamba ili yawe salama lazima yachemshwe na kuchujwa. Somo lile lilituokoa, maana tulichota kijitoni pamoja na ng'ombe. Tuliporudi nyumbani, kuwa na koki ndani ya uzio wako kulikuwa ni alama kwamba ukimbizi umekwisha. Kila mtu alijenga kwa haraka na kwa uwezo wake, na kila mtu alileta vifaa kutoka alikokuwa akikujua: Kampala, Bujumbura, Bukavu, Nairobi. Hakuna aliyeuliza koki imetengenezwa kwa kitu gani. Tuliuliza kama inavuja.

Somo la Karagwe sasa linahitaji sura ya pili. Maji yenye risasi nayo hayana rangi, hayana harufu wala ladha. Na kuchemsha hakuyasaidii. Moto huua vijidudu, na kwa hilo tuendelee kuchemsha kila siku, lakini risasi ni madini na moto wa jikoni haufanyi kitu juu yake. Maji yakipungua kwa mvuke, risasi iliyokuwamo hubaki yote kwenye sufuria, ikawa nzito zaidi kuliko mwanzo. Dawa ya klorini nayo ni hivyohivyo: ni adui wa vijidudu tu. Kwa hiyo mama anayechemsha maji dakika ishirini kwa ajili ya mtoto wake anaweza kuwa anafanya kila alichofundishwa, na bado risasi ikapita mlango mwingine.

Najua pingamizi linalokuja. Mzee mmoja jirani yangu aliniambia bila kunificha: "Mwalimu, wiki nzima tunasubiri maji yatoke, wewe unatuletea hadithi ya risasi?" Ana haki. Kwa mtu anayebeba jerikani kupanda kilima, maji yoyote ni neema. Lakini ni huo mgawo wa maji unaolifanya jambo hili lituhusu zaidi. Risasi haimwagiki ndani ya maji yanayopita mbio. Huyeyuka taratibu katika maji yaliyosimama. Koki iliyokaa usiku kucha bila kufunguliwa, au bomba lililokaa siku tatu likisubiri zamu ya mtaa, ndiyo mahali penyewe. Kadiri maji yanavyokaa ndani ya shaba ile, ndivyo yanavyokusanya. Kisha maji yanarudi kwa kishindo, yanakwangua na yale magamba yaliyoshikamana ndani, na sisi tunakimbilia jerikani ya kwanza kwa furaha.

Habari njema ni kwamba mambo mengi ya kufanya hayahitaji fedha. Nitayataja yale yaliyothibitishwa.

Kwanza, yajue mabomba yako. Chukua sumaku na sarafu. Sumaku ikinata, bomba ni chuma. Likiwa na rangi nyekundu ya shaba, ni shaba; angalia viungio vyake kama vina lehemu. Likiwa la kijivu, laini kiasi cha kukwaruzwa kwa sarafu likang'aa kama fedha, na sumaku hainati, hilo ni risasi. Usinywe maji yake. Kama nilivyosema, sitarajii ulikute Kimironko, lakini anayenunua nyumba ya zamani katika mji mwingine wowote na achunguze.

Pili, maji ya kwanza si ya kunywa. Asubuhi, au maji yanaporudi baada ya kukatika, acha yatiririke hadi uyasikie yamekuwa ya baridi zaidi. Hayo ndiyo yanayotoka nje ya nyumba. Sisemi yamwagwe. Maji ni ghali na ni ya taabu. Jerikani ya kwanza iwe ya kufulia, kupigia deki na choo. Jerikani ya pili iwe ya kunywa na kupikia. Wekeni alama, na watoto wafundishwe alama hiyo.

Tatu, tumieni maji ya baridi kwa chakula na kwa maziwa ya mtoto. Maji yaliyotoka kwenye hita huyeyusha risasi haraka zaidi, na yamekaa humo muda mrefu. Chota ya baridi, kisha uyapashe moto jikoni.

Nne, fungueni kile kichujio kidogo cha wavu kilichopo mdomoni mwa koki na mkisafishe mara kwa mara. Vipande vidogo vya madini na kutu hunasa pale na kuendelea kuchuja maji yenu kwa sumu.

Tano, anayefunga koki mpya ajue kwamba koki huachia risasi nyingi zaidi ikiwa mpya. Katika wiki za mwanzo aitumie kwa kufulia, na aiache itiririke kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuchota ya kunywa.

Sita, tuangalie matangi ya maji ya mvua. Tumehimizwa kuvuna maji ya mvua na ni jambo jema. Lakini maji ya mvua ni laini na yana uchachu kidogo, nayo hula madini kuliko maji ya kisima. Tangi la plastiki lenye koki ya shaba ya njano isiyojulikana asili yake ni kazi iliyoharibiwa mwishoni. Koki ya plastiki imara, iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa, ni nafuu na ni bora hapo.

Saba, lishe. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Maharage, mboga za majani, indagara na maziwa si dawa ya risasi, lakini huipunguzia nafasi ya kuingia.

Kuhusu vichujio vinavyouzwa madukani, tusidanganyike. Kitambaa hakichuji risasi. Chujio la udongo limetengenezwa kwa ajili ya vijidudu. Viko vichujio vinavyoondoa risasi, lakini lazima viwe vimepimwa kwa kazi hiyo na viseme hivyo kwa maandishi, na kikombe chake cha ndani kibadilishwe kwa wakati.

Hayo yote ni ya mtu nyumbani kwake. Yanapunguza hatari, hayamalizi. Kuimaliza kunahitaji watu wa aina mbili wakutane: anayeuza na anayesimamia.

Nianze na ndugu zangu wafanyabiashara, hasa ninyi mnaovuka Gatuna, Rusumo na Rusizi, na ninyi mnaoagiza mizigo Dubai na Guangzhou. Gazeti hili linasomwa na wengi wenu, nami nimeishi nanyi mpakani, najua hesabu zenu. Mteja wa Kimironko anataka rahisi, na koki nyepesi inatoka haraka. Lakini mnakumbuka mwaka 2008, nchi yetu ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki? Wengi walilalamika kwamba biashara itakufa. Haikufa. Mlijifunza kufunga mizigo kwa karatasi na katani, na leo mnawacheka wageni wanaovuliwa mifuko yao mpakani. Tofauti ni kwamba mfuko unaonekana kwa macho ya askari, risasi haionekani. Kwa hiyo jambo hili linawategemea ninyi kuliko afisa yeyote.

Ninachoomba ni kidogo. Unapoagiza, muulize mwenye kiwanda maswali mawili: koki hii imetengenezwa kwa kitu gani, na ina risasi asilimia ngapi? Omba karatasi ya maabara. Vifaa vilivyopimwa kwa maji ya kunywa huwa na namba za viwango kwenye sanduku au kwenye koki yenyewe, kwa mfano NSF/ANSI 61 au 372. Tafuteni alama ya ubora ya nchi za jumuiya yetu: ya RSB hapa Rwanda, ya KEBS Kenya, ya TBS Tanzania au ya UNBS Uganda, maana nchi hizi zimekubaliana kutambua alama za wenzao. Alama inaweza kughushiwa, ndiyo, lakini alama inakupa mtu wa kumshitaki. Koki isiyo na jina haina hata baba. Kisha weka koki hiyo kwenye rafu yake, iandikie kuwa ni ya maji ya kunywa, na umweleze mteja kwa nini bei yake imezidi. Mtu haitaji koki sita za gharama. Anahitaji moja ya jikoni. Ile ya kuoshea gari inaweza kubaki ya rahisi.

Kwa wanaosimamia, nina maombi matatu. La kwanza, maji yapimwe kwenye koki anakonywa mtu. Maji yanaweza kutoka kwenye mtambo wa Nzove yakiwa safi kabisa na kuharibika katika mita tano za mwisho. Kuanzia mita ya maji kuja ndani, mabomba ni mali ya mwenye nyumba, na WASAC haiwezi kulaumiwa kwa koki niliyonunua mimi. Lakini ikipima nyumba chache kila mtaa na kutangaza matokeo, sote tutajua tunasimama wapi. La pili, RSB na wakaguzi wa biashara wachukue koki madukani bila kutoa taarifa, wazipime risasi, na watangaze majina ya chapa zilizofeli. La tatu, zabuni zote za umma, za shule, vituo vya afya na visima vya vijijini, ziandike wazi kwamba vifaa vya maji visiwe na risasi. Serikali ndiyo mteja mkubwa kuliko wote. Ikidai, soko litafuata.

Nazitaja shule makusudi. Koki ya shule hufungwa Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu asubuhi. Maji yamesimama humo siku mbili na zaidi, na wa kwanza kuyanywa ni mtoto wa darasa la kwanza aliyekuja akikimbia. Katika shule ninayofundisha, wanafunzi wa zamu hufungua koki zote Jumatatu kabla ya kengele. Maji ya kwanza humwagilia maua na kupigia deki madarasa. Hilo halihitaji bajeti wala waraka kutoka wizarani. Kila mwalimu mkuu anayesoma hapa anaweza kulianza Jumatatu ijayo.

Na wananchi tusikae tukisubiri. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, tunakaa kikao. Mudugudu mmoja unaweza kuchangishana na kupeleka sampuli chache maabara, RSB ikiwemo. Sampuli ichukuliwe asubuhi kutoka koki ya jikoni, baada ya maji kukaa saa sita au zaidi bila kuguswa, lita ya kwanza kabisa. Nyingine ichukuliwe baada ya maji kutiririka. Ya kwanza ikiwa na risasi na ya pili haina, tatizo ni koki yako. Zote zikiwa nayo, tatizo liko mbali zaidi, na hapo mna ushahidi wa kupeleka kwa wakubwa.

Nguvu ya kupima iliuonyesha mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Pale sumu haikutoka kwenye maji ya bomba, ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi humo, Phyllis Omido, alikuwa na mtoto mchanga aliyeugua bila kueleweka hadi damu yake ilipopimwa na kukutwa na risasi. Kipimo kile kikazaa vingine, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Watu wa kawaida walishinda kwa sababu walikuwa na namba mkononi. Bila kipimo wangebaki watu wanaolalamika.

Wala tusiseme jambo hili limetuzidi. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar wakakubaliana kuondoa risasi katika petroli, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 eneo lote lilikuwa limeacha. Magari hayakusimama na bei haikututoa roho. Watoto waliozaliwa baada ya hapo wanavuta hewa iliyo bora kuliko tuliyovuta sisi, na wengi wao hawajui kwamba kuna jambo walitendewa.

Kiswahili kinaliita dini hili kwa jina lilelile la kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Sisi watu wa nchi hii hatuhitaji kuelezwa maana ya neno hilo, na Kinyarwanda chetu kina isasu. Ile ya bunduki husikika, na mtu hukimbia. Hii ya koki haisikiki, na inawapata watoto waliozaliwa katika amani, ndani ya nyumba tulizowajengea ili wasipate shida tulizozipata.

Kwa hiyo, siku utakapokwenda dukani, karibu na soko letu au kwingineko, usiulize bei kwanza. Uliza koki hii imetengenezwa kwa kitu gani. Muuzaji asipojua, mwambie akamuulize aliyemuuzia, nawe utarudi wiki ijayo. Wakiulizwa na watu hamsini, watajua.